Ubao wa Robo

Muheza redio ile ilifanya kazi. Klara alikuwa na hakika na jambo hilo kwa sababu alikuwepo, amekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda cha Salimu nyuma ya soko, jasho linamtiririka mgongoni, hedifoni zimembana masikio. Salimu alizungusha kifundo kidogo cha kusawazisha, polepole, na yule mpigaji wa Morse, zile alama za milio mifupi na mirefu, aliyewasumbua tangu masika akafifia, akafifia, akapotea. Klara alivua hedifoni akamtazama. Salimu alikuwa anacheka bila kutoa sauti. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio yake alirudi nyuma hatua moja, akadhani labda amekuja wakati mbaya.

Kesho yake Klara akapanda basi kurudi milimani, amelipakata sanduku la redio kama mtoto mwenye homa, akilikinga na kila shimo la barabara. Jioni, nyumbani kwao Magamba, aliunganisha waya wa angani, akafunga betri, akavaa hedifoni. Mpigaji wa Morse alikuwepo. Mzima wa afya, tititi-taa, taa-titi, wala hana habari kwamba alikwisha kuzimwa. Klara alizungusha kifundo huku na huku mpaka kidole kikamwuma. Sauti ilipungua kidogo tu, kama ya jirani mgomvi aliyefunga dirisha.

"Imekufa?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Haijafa, Mama. Imebadilika tabia."

"Basi imekuwa mtu," alisema mama, akaendelea kumenya viazi.

Huo ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na tano. Klara alifundisha sayansi katika shule ya sekondari mjini Lushoto, na kila mwisho wa juma alipanda Magamba kwa miguu kukaa na mama yake, Marta, mjane aliyelima viazi, maharage na matunda pembeni mwa msitu. Watu wa pale walimheshimu Klara lakini walimshangaa pia. Mwanamke amesoma mpaka Chuo Kikuu, halafu Jumamosi anaparamia mkaratusi kufunga waya! Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza waya ule wa nini, maana siku hizo waya mrefu juu ya mti haukuachwa bila maswali. Klara alimwonyesha kibali chake cha kusikiliza, chenye mhuri wa posta, akamvalisha hedifoni. Balozi alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Kelele tupu," akaenda zake ameridhika.

Na kweli nyingi zilikuwa kelele. Lakini siku moja wakati wa masika, kwenye masafa mafupi ambako watu wa redio za ridhaa huzungumza wao kwa wao kutoka nchi hadi nchi, Klara alisikia katikati ya tititi-taa sauti ya mtu anayesema, "...Mungu akipenda, kesho saa ileile, Padri." Kiswahili! Siku zote alikuwa akisikia Kiingereza, Kifaransa, lugha nyingine asizozijua. Huyu alikuwa nani, na alikuwa wapi? Alirudi kesho yake, akarudi tena juma lililofuata. Walikuwa wawili, jua likielekea kuzama, karibu kila siku. Lakini mpigaji wa Morse alikaa karibu nao mno, akawafunika. Neno hapa, neno pale. "Mvua." "Betri." "Yeye mwenyewe alisema." Klara alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Mtu wa kumweleza jambo kama hilo alikuwa mmoja tu. Salimu alikuwa fundi redio wa Muheza, Mbondei wa makamo, mpole, aliyejifunza kazi Tanga katika karakana ya mzee mmoja wa Kihindi aliyetengeneza redio za meli. Walijuana tangu Klara alipompelekea redio ya shule iliyoungua. Salimu hakuitengeneza tu, alimwuliza, "Mwalimu, unajua kwa nini iliungua?" Klara hakujua, naye Salimu hakuwa na uhakika. Waliifungua wakaichungulia pamoja mpaka nusura Klara akose basi. Tangu hapo, kila mmoja akipata swali alimwekea mwenzake.

Redio ya Klara walikuwa wameiunda wenyewe, kwa vipande vya redio zilizokufa na kwa michoro iliyokuwa katika magazeti ya redio aliyoachiwa na daktari mmoja Mjerumani aliporudi kwao. Ilikuwa rahisi, na urahisi wake ulikuwa na ubaya mmoja: ukiielekeza mahali, ilisikia walio juu kidogo ya mahali hapo na walio chini kidogo ya hapo kwa pamoja, kama mtu aliyekaa kwenye kizingiti cha vyumba viwili. Chumba hiki kuna watu wanazungumza Kiswahili, chumba kile kuna mtu anagonga bati. Hawezi kufunga mlango mmoja.

"Mlango upo," Klara alimwambia Salimu siku alipompelekea habari za sauti zile, akamfungulia moja ya yale magazeti. "Tazama hapa. Sauti inagawanywa njia mbili. Njia hii inacheleweshwa robo ya mzunguko kuliko ile. Halafu zinakutanishwa tena."

Salimu hakusoma Kiingereza vizuri, ila mchoro aliusoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kidole chake kilifuata mistari mpaka mwisho, kikarudi mwanzo.

"Zikikutana, za chumba hiki zinasukuma pamoja," alisema taratibu. "Za chumba kile zinasukumana."

"Ndiyo. Zikilingana nguvu, hazisikiki tena."

"Zikilingana," Salimu alirudia. "Hapo ndipo pana kazi, Mwalimu."

Kazi ilikuwepo kweli. Kuichelewesha sauti moja kwa robo ya mzunguko ni jambo dogo. Kapasita moja na rezista moja zinatosha. Lakini sauti ya mtu ina nene na nyembamba ndani yake, na zote zilitakiwa zicheleweshwe sawasawa. Kwa hiyo ilihitajika safu ya kapasita na rezista, kila moja ya kipimo chake hasa, nazo zilikuwa za kuokoteza. Madukani hamkuwa na kitu. Mwaka ule hata sabuni mtu aliipangia foleni. Klara alikokotoa vipimo. Salimu alipekua makopo yake, akapima kipande kwa kipande kwa namna aliyofundishwa na yule mzee wa Tanga: anaweka kipande anachokiamini upande mmoja, kipande cha kupimwa upande wa pili, anapitisha mluzi wa umeme, anasikiliza. Mluzi ukinyamaza, vimelingana. Ukiendelea, anatupa, anachukua kingine. Vyote alivipanga juu ya ubao mmoja mwembamba kama rula, akauita ubao wa robo.

Sasa ubao huohuo, uliofanya maajabu Muheza, ulikuwa umekaa Magamba ukigoma.

Klara alimtumia Salimu habari kupitia kondakta wa basi, na Jumamosi iliyofuata Salimu akateremka kwenye stendi ya Lushoto amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine, na mkoba wa vifaa begani. Hakuwahi kupanda milima ile mwezi wa Julai. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama moshi uliokosa pa kwenda.

"Mnaishije huku?" alimwuliza Klara, meno yakigongana.

"Kwa kutembea haraka," Klara alimjibu, wakaanza kupanda.

Mama alikuwa anawangoja uani. Salimu aliinama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hivi Muheza hakuna masweta?" Aliongeza jambo kwa Kishambaa, Klara akacheka na kukataa kutafsiri. Kibondei na Kishambaa vimekaribiana kiasi kwamba Salimu alielewa nusu, akacheka nusu.

Walitoa meza barazani wakaifungua redio. Salimu aliamini kwamba basi ndilo lenye makosa. Mahali fulani kiungo cha risasi kimepasuka kwa kutikiswa, alisema. Aliweka chuma chake cha kuchomelea kwenye jiko la mkaa uani, kilipopata moto akapitia viungo vyote, kimoja baada ya kingine, hata vile vilivyong'aa kwa uzima. Wakajaribu. Mpigaji mwingine wa Morse, maana mchana huwa wako wengine, alisikika vilevile.

"Betri," alisema Klara. "Betri hudhoofika kwa baridi."

Salimu alikuwa ameleta mpya. Wakabadilisha. Hakuna kitu.

"Labda ni kimo," Salimu alisema, akiangalia bonde lililokuwa chini ya ukungu. "Huku hewa ni nyepesi."

"Hewa nyepesi inaingiaje ndani ya rezista?"

"Sijui. Ndiyo maana nimesema labda."

Klara alilifikiria hilo kwa dhati, kwa sababu alipenda namna Salimu alivyosema sijui, bila kuona haya, kama mtu anayekuonyesha chumba kitupu ndani ya nyumba yake. Aliondoa kifuniko cha bati, akakirudisha. Aligeuza waya wa ardhini. Aliirefusha njia moja, akaifupisha. Kila badiliko lilifanya jambo dogo, na hakuna lililofanya jambo lenyewe. Walikula viazi vya kuchemsha na maharage wakiwa wamesimama, wakibishana huku wakitafuna, na mama akawaambia kwamba hata watoto wa shule ya msingi huketi wakati wa kula.

Jua liliposhuka, baridi ikaongezeka, wakahamisha meza ndani. Saa ya wale wawili ilikuwa inakaribia. Klara alivaa hedifoni, akaegemeza kiwiko mezani. Salimu alikaa upande wa pili, mikono kaibana kwapani, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mama alimtazama mara moja tu, akatoka, akarudi na lile jiko la mkaa, akalisukuma chini ya meza karibu na miguu ya mgeni.

"Usiniue mtoto wa watu," alimwambia Klara, akaacha dirisha wazi kidogo ili moshi upate njia.

Mpigaji wa Morse alianza. Nyuma yake, mbali, zikaja zile sauti mbili. Klara alifumba macho. Tititi-taa. "...nasema, Padri..." Taa-titi. Alishika kifundo bila tumaini kubwa, akakizungusha mpaka mahali ambapo kelele ilikuwa ndogo kuliko pengine, akaacha mkono hapo.

Baada ya muda aliona kama mpigaji anachoka. Tititi-taa zake zilikuwa zinakwenda mbali, kama mtu anayetembea huku akigonga. Klara alidhani anamaliza kazi, kama wanavyomaliza. Akagusa kifundo kidogo. Mpigaji akaenda mbali zaidi. Na kwa mara ya kwanza tangu masika, sentensi nzima ikapita masikioni mwake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili cha mbali chenye b mahali pa w:

"Padri, benyewe banakohoa usiku muzima. Leo bawili bamekufa."

Klara alifumbua macho. "Kuna ugonjwa," alinong'ona. "Watu wanakufa."

"Wapi?" Salimu aliinuka nusu.

"Ngoja."

Mama aliingia wakati huohuo, akainama. "Naomba jiko langu mara moja, nisonge ugali," alisema, akaondoka nalo. Klara hata hakumwona vizuri, alikuwa amezama katika kusikiliza. Sauti ya pili ilikuwa inajibu, sauti ya mzungu mtu mzima, Kiswahili chake kimepangwa kama nguo zilizopigwa pasi, lakini r zake zinabingirika. "Pole sana, Kabamba. Na hao waliobaki, wanakula?" Kabamba alianza kujibu, na hapo mpigaji wa Morse akarudi. Alikuja taratibu, kama alivyoondoka. Tititi-taa. Klara alisukuma kifundo. Hakushikika. Mpigaji aliendelea kukaribia mpaka akajaa kichwani mwake.

Klara alivua hedifoni. Aliinama akachungulia chini ya meza, mahali palipokuwa na jiko.

"Mwalimu?" Salimu aliuliza.

"Kwako Muheza, kibandani, kuna joto kiasi gani?"

"Joto la kawaida. Bati juu, jua..." Salimu aliacha mdomo wazi. Kisha akageuka akaitazama redio, halafu akatazama mikono yake iliyokuwa imeanza tena kuingia kwapani. "Ee Mola wangu," alisema polepole.

"Mama!" Klara aliita. "Mama, rudisha jiko!"

"Ugali haujaiva!"

"Tutakula baadaye! Au kesho!"

Mama alikuja na jiko mikononi, uso umejaa maswali, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubaki na swali moyoni, akaketi hapohapo kwenye kiti cha tatu ili aone ni jambo gani kubwa kuliko ugali. Jiko likarudi chini ya meza. Walingoja. Klara alimpa Salimu upande mmoja wa hedifoni, wakawa wamekaribiana kama wanafunzi wawili wenye kitabu kimoja. Sufuria la ugali lilikuwa linapoa jikoni. Nje ndege wa msituni walikuwa wanagombania mahali pa kulala.

Mpigaji wa Morse alianza kwenda mbali.

Salimu alishika mkono wa Klara bila kujua, akauachia alipojua. "Joto," alisema. "Vipimo vyangu vyote nimevifanya kwenye joto."

"Na huku vimesinyaa."

"Vingesinyaa vyote sawasawa, tusingepata shida. Vimesinyaa kila kimoja kivyake." Alikuwa tayari ameanza kufungua skrubu za kifuniko, redio ikiwa bado inalia. "Kapasita hizi za karatasi na nta nilizitoa kwenye redio kubwa ya zamani. Hizi nyeupe zimetoka kwenye redio ndogo. Nilitazama kipimo tu, Mwalimu. Sikuuliza zimetengenezwa kwa kitu gani."

"Hata mimi sikuuliza."

Klara alitaka kujua kwa hakika. Alimwomba mama asogeze jiko kando, wakaacha redio ipoe mpaka mpigaji akarudi. Kisha alishika kapasita moja nyeupe kwa vidole viwili, akaipa joto la mwili wake. Hakuna lililobadilika. Akashika nyingine, vilevile. Akashika moja ya zile za nta, kubwa, ya kahawia, kama kipande cha muwa kilichokauka. Ndani ya hedifoni mpigaji akaanza kupungua. Akaiachia. Mpigaji akarudi. Akaishika tena.

"Ni yeye huyu," alisema Klara. Alijisikia kama amemshika mtu mkono gizani akamtambua.

Walizipitia zote. Mbili za nta zilikuwa na tabia hiyo, moja zaidi kuliko nyingine. Mama aliomba naye ashike moja. Alivalishwa hedifoni, akaibana kapasita kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vigumu vya jembe, akasikiliza mpigaji akififia. Alicheka kwa mshangao. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Kuna mtu anaongea humu," alisema. "Anasema wanakohoa."

Klara alisogea haraka. "Endelea kusikiliza, Mama. Usiachie. Anasemaje?"

"Kiswahili gani hiki? Anasema wanakohoa... yule mwekundu hawezi kupanda tena juu ya mti." Mama alikunja uso. "Mtu mwekundu anapanda mti kufanya nini?"

Salimu na Klara walitazamana.

"Sasa yule mzungu anauliza," mama aliendelea, akirudia neno kwa neno kama mtu anayepokea ujumbe. "Anauliza, na mayai je? Bado wanataga?"

Salimu alilaza kichwa mezani, mabega yakitikisika, na Klara akacheka mpaka akashika ubavu. Miezi yote ile! Alikuwa amewaza majasusi, amewaza wakimbizi, amewaza habari za siri za dini. Kumbe Kabamba, mwalimu wa ufundi huko Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kama walivyokuja kumjua baadaye, alikuwa na kuku wanaokohoa, na rafiki yake Padri, aliyekuwa misheni fulani Burundi, alikuwa anamwuliza juu ya mayai.

Mama hakucheka. Yeye aliwajua kuku.

"Anamwambia asage aspirini awape kwenye maji," alisema kwa hasira. "Hapana! Baba, siyo hivyo! Chukua majani ya mshubiri, uyakatekate, uloweke usiku kucha, uwanyweshe asubuhi. Na banda ulitoe kwenye unyevu!" Alikuwa anaongea na sanduku, sauti juu, kama anavyoita mtu wa ng'ambo ya bonde.

"Mama, hawakusikii. Hii ni ya kusikiliza tu."

Mama aligeuka akamtazama Klara kana kwamba ameambiwa jambo lisilo na adabu. "Mimi nawasikia, wao hawanisikii?"

"Ndiyo."

"Na kuku watakufa?"

Kutuma sauti kulitaka leseni nyingine na mtambo mwingine, na vyote viwili havikuwa vitu vya kuokoteza kwenye makopo ya Salimu. Klara alimweleza hivyo. Mama alisikiliza Padri na Kabamba mpaka walipoagana, kisha akavua hedifoni, akachukua jiko lake akaenda kusonga ugali, na wakati wa kula aliuliza mara mbili Kalemie ni mbali kiasi gani.

Salimu alirudi mwezi wa Agosti, safari hii na sweta aliloshonewa na mke wake. Alikuja na kopo zima la kapasita nyeupe, zote za aina moja, alizokuwa amezichomoa kwenye redio ndogo za Muheza, Korogwe na hata Tanga. Hakuwa amezipima. Alizipima hapo hapo Magamba, asubuhi, dirisha wazi, huku akipulizia vidole vyake. Kisha akazipima tena jiko likiwa chini ya meza, na zile zilizobadilika zaidi ya wenzake akazitupa. Klara alikaa karibu akikokotoa upya, maana kipimo kamili hakikupatikana kila mahali, na penye upungufu ilibidi rezista irekebishwe. Iliwachukua siku nzima. Pale walipokwama, walikwama pamoja.

Ubao mpya ulifanya kazi kwenye baridi. Ulifanya kazi kwenye joto. Salimu aliumwagia hata mvuke wa birika, jambo lililomfanya Klara apige ukelele, na bado ukafanya kazi. Alikuwa ameongeza kitu kingine: swichi ndogo inayobadilishana zile njia mbili, ili chumba kilichofungwa kifunguke na kilichofunguka kifungwe.

Siku hiyo Kabamba alisema kuku waliobaki ni wachache lakini kikohozi kimepungua. Hakusema ni kwa dawa gani, na mama alichukia kwamba Padri hakuuliza. Baadaye alianza kuchezea ile swichi. Huku, Kabamba. Huku, Morse. Kabamba. Morse. Aliirudia mara nyingi, uso wake umetulia kabisa, kama mtu anayeonja mboga akitafuta kilichopungua.

"Huyu ninayemzima," alisema mwishowe, "anakwenda wapi?"

"Haendi popote, Mama. Njia zote mbili zinambeba, zinakuja kusukumana."

"Nimeelewa wanasukumana. Watu wawili wakisukuma mlango, huyu ndani na huyu nje, mlango unasimama, lakini wao wanatoka jasho. Nauliza jasho lake liko wapi?"

Klara alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la kitabuni, lile la nguvu isiyopotea, na alipolisogeza karibu na swali la mama aliona haliligusi vizuri. Salimu alisema pengine nguvu yake inageuka joto ndani ya rezista. Klara akasema hapana, joto la rezista lipo hata kama hakuna anayezimwa. Salimu akasema basi labda haichukuliwi kabisa kutoka kwenye transista za nyuma zinazolisha njia hizo, inarudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe. Klara alisema hilo lina maana, kisha akasema halina, kisha akaomba muda. Mama aliwaacha wakibishana, akavaa hedifoni vizuri, akamrudisha Kabamba.

Asubuhi Klara alimsindikiza Salimu hadi stendi, na njia nzima waliteremka na swali hilo, wakisimama kila kona kuchora ardhini kwa kijiti. Salimu alikuwa amekwisha kuamua kujenga ubao wa kwake, aupime adhuhuri chini ya bati na alfajiri kabla ya jua. Aliingia kwenye basi bila kuaga vizuri kwa sababu alikuwa katikati ya sentensi.

Jumatatu, kidato cha nne, kipindi cha mwisho kabla ya kazi ya shamba, Klara aliweka kando somo alilopanga. Alichora ubaoni mlango, na watu wawili wanaousukuma, kila mmoja upande wake, akawauliza wanafunzi swali la mama yake. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe hajui. Dakika chache baadaye aliwaambia. Darasa likachangamka zaidi. Mmoja alisema jasho liko kwenye mlango, mwingine akasema mlango hautoki jasho, wa tatu akainuka bila kuitwa akaja kuchukua chaki mkononi mwake. Kengele ya shamba ililia na hakuna aliyetulia. Walichukua majembe yao wakateremka kwenye viazi vya shule wakiendelea kubishana, na Klara akachukua lake, akawafuata karibu karibu ili asikose neno.